Mtaa Usiojua Kusema Sijui

Rafat Apa hakuwa mtu wa kubembeleza. Mgeni akishuka ngazi za nyumba yake ya wageni asubuhi, kofia kichwani na kamera inaning'inia kifuani, alimkuta bibi huyu ameketi kwenye kiti pale chini, mlango mkubwa umefungwa nyuma yake na ufunguo uko mapajani. Hutoki mpaka umsikilize. Na ukishamsikiliza, hutoki mpaka uyarudie aliyosema. Duka langu la marashi linatazamana na mlango ule, na kwa miaka yote ile niliyasikia mawaidha yake mara nyingi hata nikawa nayajua kwa Kiingereza, lugha ambayo kwa mambo mengine inanipiga chenga.

Maji ya chupa tu, na mlio wa kizibo kikikatika uusikie kwa masikio yako. Tunda lililokatwa na kupangwa barabarani usilitazame mara mbili, hasa tikiti, maana hunyunyiziwa maji ling'ae na hakuna anayejua maji hayo yametoka wapi. Bajaji, patana bei kabla hujapanda, usingoje kushuka. Mkono wa kushoto uache upumzike wakati wa kula. Mtu akikutikisia kichwa huku na huku, hajakataa; wala hajakubali; amekusikia, basi. Mwenye duka akikukaribisha chakula, mara ya kwanza shukuru upite, mara ya pili shukuru upite, akikukaribisha mara ya tatu na sahani ameshaisogeza, kaa ule. Na mtu usiyemjua akikwambia nyumba ya wageni uliyopanga imeungua jana, njoo nikupeleke nyingine, mwambie wewe unapenda kulala kwenye majivu.

Hakuyatoa kitabuni. Kila onyo lilikuwa na mwenyewe. Lile la tikiti lilitokana na binti wa Kijerumani aliyelala chumba cha juu wiki nzima, Rafat Apa akimnywesha maji ya mchele kwa kijiko. Lile la majivu lilitokana na wachumba wawili wa Kiingereza waliozungushwa mji mzima siku ya kwanza, wakafika mlangoni jioni wakilia kwa uchovu na wakashangaa kuikuta nyumba imesimama. Kila mgeni aliyeumia, Apa aliuliza ameumiaje, na kesho yake yule anayefuata alilisikia jambo hilo pale kwenye kiti.

Tulikuwa tukimwita Apa, yaani dada mkubwa, hata sisi tuliomzidi umri. Alizaliwa mtaa huu huu wa Laknau ya zamani, nyuma ya soko la Chowk, akasoma chuo cha wasichana, akaolewa na Iqtidar, karani wa reli, mtu mpole aliyemwomba radhi hata paka aliyemkanyaga mkia. Iqtidar alipofariki alimwachia nyumba ya ghorofa yenye nyufa, na mashemeji waliotaka ahamie kwao ili atunzwe. Neno hilo, kutunzwa, lilimchoma kuliko msiba wenyewe. Hakuwa na mtoto, lakini miguu na macho alikuwa nayo. Akapaka chokaa vyumba vinne vya juu, akaweka vitanda, akaandika kwa mkono wake ubao wa Kiingereza, akaupigilia msumari mlangoni.

Mtaa ulichemka. Mjane wa ukoo mwema, analaza Wazungu wenye miguu wazi! Shemeji yake mkubwa alikuja na wazee wawili kumkanya. Aliwapa chai na kababu, akawasikiliza mpaka wakaishiwa maneno, kisha akawauliza nani kati yao atapanda juu kuziba paa kabla ya masika, maana hilo ndilo alilokuwa akilishughulikia walipobisha hodi. Wakamaliza chai yao wakaondoka, na paa alilisimamia mwenyewe mpaka likazibwa.

Sasa sisi watu wa Laknau tuna ugonjwa mmoja, nao ni adabu. Usicheke, ni ugonjwa. Mgeni akikuuliza njia, kumwambia hujui ni sawa na kumfungia mlango usoni. Mimi nilifundishwa hivyo na baba yangu, naye alifundishwa na wake. Kwa hiyo tukiulizwa tunajibu. Tukijua tunajibu, na tusipojua tunajibu vizuri zaidi, kwa mkono kifuani na tabasamu. Mgeni anaondoka ameridhika, nasi tumeridhika, na huko anakokwenda ni siri ya Mungu.

Kwa sababu hiyo, onyo kubwa la Rafat Apa, lile alilolitoa akiwa amesimama kabisa, lilikuwa hili: usimuulize mtu, stesheni ni huku? Atasema ndiyo, hata ukiwa umenyoosha kidole mbinguni. Uliza, stesheni iko wapi? Waulize watatu, na wawili wakipatana ndipo uende.

Wageni walilishika, wakalisahau. Kiangazi kimoja mwanafunzi wa Kijapani alitoka na begi lake kwenda kupanda garimoshi, akauliza kwa heshima kila njia panda, na kila mtu akamjibu kwa heshima, na heshima hizo zote zikamfikisha kwenye machinjio ya mbuzi. Garimoshi liliondoka bila yeye, na kwa kuwa lilikuwa la kumpeleka kwenye ndege, ndege nayo iliondoka. Rafat Apa alimrudisha chumbani, akampikia, akamsikia usiku kucha akitembea huku na huku. Asubuhi hakukaa kwenye kiti chake. Alijitanda shuka lake la kijivu, akatoka, akaanza duka la kwanza.

Alikuwa ameamua kuutibu mtaa.

Haji Wajid, muuza vitambaa, duka lake lipo pale sokoni njia zinapokutana, na kila aliyepotea Chowk lazima apite kwake. Apa alimwendea huyo kwanza kati ya wakubwa, nami nikafuata nyuma nione sinema ya bure. Alimwambia amekuja kumwomba neno moja tu. Haji akasema hata akiomba duka zima, ni lake.

"Duka kaa nalo, Haji. Nataka useme sijui."

Haji alicheka mpaka tambuu ikataka kumpalia. "Apa, neno hilo halijawahi kutoka kinywani mwangu, hata mbele ya hakimu."

"Ndiyo maana nakuomba. Mtu akikuuliza njia usiyoijua, mwambie sijui. Haliumi."

"Mgeni asimame mbele ya duka la marehemu baba yangu, aniulize, nimwambie sijui? Afadhali nimtukane. Angalau ataondoka na kitu."

"Kijana wangu wa Kijapani aliondoka na kitu. Alikwenda na jibu lako, akaona mbuzi wakichinjwa."

Nami mdomo uliniwasha nikadakia. Nilimwambia, Apa, ukitaka tuseme sijui, basi tuambie tutembee na matako wazi kabisa, aibu ni ile ile. Akanigeukia.

"Wewe Mirza, kaa na chupa zako. Juzi umemwonyesha Mfaransa njia ya benki, akafika makaburini."

"Kuna benki upande ule pia, Apa."

"Ya nani? Ya malaika Munkari na Nakiri?"

Soko lote lilicheka, na mimi nilirudi dukani mkia katikati ya miguu. Lakini yeye hakurudi. Alikwenda kwa wauza kababu, kwa washona viatu, kwa waendesha riksho zile za kukanyaga pedeli, kwa mwenye kinu cha kusaga bizari. Wiki iliyofuata akaanza tena mwanzo. Alilishikia bango jambo hilo miezi yote ya baridi. Na unadhani watu walimjibu nini? Walimwambia ndiyo, Apa. Hakika, Apa. Kuanzia leo tutasema sijui. Wangemwambiaje hapana, mtu mzima kama yule, amesimama mlangoni na jua usoni? Walimkubalia kwa adabu ile ile aliyokuja kuipiga vita, na mgeni wa kwanza aliyepita wakamwelekeza mtoni.

Yeye alilijua hilo. Siku moja nilimwuliza haoni anapoteza muda. Alisema nyumba yake nayo ilisemwa hivyo hivyo, na akaingia ndani.

Mwezi wa Mei ulipofika, mwezi ambao kwetu upepo wenyewe unatoka tanurini na wenye akili hawatoki nje baada ya adhuhuri, walikuja mume na mke kutoka Ureno, wazee wastaafu, Anselmo na Lurdes. Anselmo alikuwa mrefu, mwenye kofia ya ukindu na udadisi wa mtoto. Lurdes tumbo lilimkamata siku ya pili, akabaki kitandani. Anselmo akasema atakwenda peke yake kuiona Imambara kubwa, lile jumba la kale, na atarudi kabla ya chakula cha mchana. Aliketi mbele ya Rafat Apa, akayarudia mawaidha yote kama mwanafunzi hodari, akapewa kadi yenye jina la nyumba kwa maandishi ya kwetu ya kuwaonyesha watu akipotea, akaiweka mfukoni. Kisha akaona shati lina jasho, akapanda juu, akabadilisha shati, akatoka. Kadi ikabaki mfukoni mwa shati la kwanza, limening'inia kwenye kamba.

Adhuhuri ilipita. Nilikuwa nafunga nusu ya mlango wangu kuzuia jua nilipomwona Lurdes anashuka ngazi ameshika ukuta, mweupe kama chokaa ya ukuta huo, mkononi ana kifuko kidogo cha kitambaa. Ndani mlikuwa na vipande vya sukari na biskuti. Mumewe alikuwa na kisukari. Kila asubuhi alijidunga sindano, na baada ya sindano lazima ale, akichelewa atie sukari mdomoni. Asipotia, alieleza Lurdes, ataanza kusema ovyo kama mlevi, kisha ataanguka, na akiachwa hapo alipoanguka hataamka. Mchana ule hakuna aliyekuwa na hakika amekula kitu, na kifuko alikuwa amekisahau mezani.

Lurdes aliniuliza mimi kwanza, kwa kuwa nilikuwa karibu: atarudi? Nikamwambia bila shaka, mama, sasa hivi tu. Jirani yangu mshona magodoro naye akasema bila shaka. Mpita njia mmoja, ambaye hakujua hata tunamzungumzia nani, akaweka mkono kifuani akasema bila shaka. Yule mama alitutazama mmoja mmoja, na naona yale mawaidha ya kitini yalimjia, maana alitupa kisogo na kumgeukia Rafat Apa.

"Mume wangu yuko wapi?"

"Sijui," alisema Rafat Apa. "Vaa viatu."

Tulichukua riksho, wao wawili wamekaa, mimi natembea kando nikishikilia ubavu wa riksho, maana kumwacha Apa aende peke yake katika jua lile kungenifedhehesha. Mlinzi wa Imambara alisema Mzungu mwenye kofia ya ukindu ametoka zamani, kwa miguu, mzima, anacheka. Basi kutoka pale mpaka kwetu alikuwa hana kadi, hana lugha, hana sukari, ana mdomo tu wa kuulizia. Kuuliza si ujinga, wanasema wahenga, lakini wahenga hao hawakuwahi kuuliza njia Laknau.

Muuza maji ya miwa pale pembeni aliulizwa na Apa kama amemwona mzee wa Kizungu. Ndiyo, Apa, alisema yule bwana, na ameshafika nyumbani salama. Apa akamwambia nyumba yenyewe ni yake yeye, na hajafika. Yule bwana hakutikisika, akasema basi yuko karibu sana kufika. Mwenye duka la taa alisema amepita, amekula, ameshiba. Mshona viatu alisema ni kijana kijana hivi, sivyo? Apa alipomwambia ni mzee, akasema ndiyo, mzee hasa.

Rafat Apa alisimamisha riksho katikati ya njia. Nilidhani amechoka. Kumbe alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yake mwenyewe. Alisema anawauliza watu hawa kama mtalii. Miaka yote anawakataza wageni wasiulize swali linalojibiwa kwa ndiyo, na leo roho ya mtu iko mkononi naye anawauliza, umemwona? Aliteremka, akarudi kwa miguu mpaka kwa muuza miwa.

"Siulizi kama umemwona. Alipokuuliza, mkono wako ulielekea wapi?"

Muuza miwa alitazama chini, akafuta mashine yake. Kisha mkono ukanyooka wenyewe, upande wa soko. Mwenye duka la taa naye, kwa swali lile lile, akaelekeza soko, akaongeza kwa sauti ndogo kuwa yule mzee alikuwa na haraka. Tulifuata mikono. Mkono mmoja ulitupeleka kwenye mwingine, na wa mwisho ulitufikisha njia panda, mbele ya duka la Haji Wajid.

Haji alikuwa na wateja, wanawake wa harusi, marobota yamefunguliwa mpaka mlangoni. Alimkaribisha Apa, akaagiza chai. Apa hakukaa. Alimuuliza. Haji akasema leo hajaona Mzungu yeyote. Msaidizi wake akamtazama kwa mshangao, na Haji akasema, ah, yule, yule alimwonyesha vizuri kabisa. Vizuri wapi? Vizuri tu, Apa, mtu mzima hawezi kupotea hapa, kunywa chai. Lurdes alikuwa amejishikilia kwenye nguzo ya duka, kifuko kifuani, hajui lugha, anatazama midomo. Niliona haya kwa ajili ya mji wangu kama sijawahi kuona.

Rafat Apa alisogea mpaka kwenye ukingo wa jukwaa alilokalia Haji. Hakupaza sauti.

"Haji, nisikilize. Sijaja kukuumbua. Siulizi kama ulijua au hukujua, na sitauliza maisha yangu yote. Kuna mtu atakufa kabla ya alasiri. Nyanyua mkono wako kama ulivyounyanyua."

Haji Wajid, mtu mwenye ndevu zilizotiwa hina na jina lililopita bahari, alitazama vidole vyake. Kisha akanyanyua mkono taratibu, kama mzigo, akaelekeza kichochoro cha wapaka rangi, kule ambako hakuna mgeni anakwenda wala hakuna cha kuonyeshwa.

"Kule?" nilimaka. "Kule kuna nini?"

"Alikuwa ameshageukia kule," Haji alisema. "Sikutaka kumvunja moyo."

Hakuna aliyecheka. Riksho haikuweza kuingia kichochoro kile, tukaenda kwa miguu, Apa mbele, mimi nimemshika Lurdes mkono. Kuta zilitupumulia moto. Mfereji wa katikati ulikuwa umekauka, na milango yote imefungwa, kwa kuwa saa ile kila mwenye dari amelala chini yake. Hapakuwa na hata mtu wa kutudanganya. Vichochoro viligawanyika, vikagawanyika tena, na kila pembe niliyoipita nilikuwa nikitazama chini kabla ya kutazama mbele, nikiogopa kuona kofia.

Nilimwambia Apa tumwachie polisi, tunapoteza wakati. Akasema polisi nao ni watu wa Laknau. Akaanza kugonga milango. Aligonga kwa kiganja, kisha kwa ngumi, mlango huu na ule wa pili, yeye, binti wa ukoo ambaye mama yake hakuwahi kuonekana dirishani. Watu walitoka na usingizi wao, wakasema hapana, wengine ndiyo, na kwa kila ndiyo aliuliza mkono ulielekea wapi, na mkono ulipokosekana alihamia mlango mwingine. Shuka lilimteleza kichwani hakuliokota, mimi ndiye niliyelibeba. Lurdes alikuwa akiita jina la mumewe, na sauti yake ilikuwa imekwisha.

Mlango mmoja, wa mbao mbovu, ulifunguka kabla haujagongwa. Alitoka mtu mfupi, mwembamba, mikono ya buluu mpaka kwenye viwiko. Nilimtambua kwa shida. Anaitwa Bakridi, hupiga chapa za maua kwenye vitambaa kwa mihuri ya mti na rangi ya buluu, ili watarizi wajue pa kupitisha sindano, na rangi hiyo hufuliwa ikatoka. Huleta kazi yake kwa Haji, huiacha kwenye ngazi, hurudi. Sidhani kama niliwahi kusikia sauti yake.

"Bibi," alimwambia Rafat Apa, macho chini, "nina mgeni. Labda ni wako, labda si wako. Mimi sijui."

Anselmo alikuwa amekaa chini sakafuni, mgongo ukutani, katikati ya vitambaa vyenye maua ya buluu, kofia pembeni. Kinywa kilikuwa kinamtetemeka, jasho limemloanisha, lakini macho yalikuwa wazi, na mkononi alikuwa na bilauri ya shaba. Mke wa Bakridi, amejifunika uso, alikuwa akimpepea kwa kipande cha ubao. Lurdes alipita katikati yetu sote, akapiga magoti, akamtia mumewe kipande cha sukari mdomoni, na kwa mkono mwingine akampiga begani, akampiga tena, huku analia. Anselmo akasema kitu kwa lugha yao. Baadaye tulielezwa kuwa alisema yuko sawa, amekunywa asali.

Haikuwa asali, ilikuwa sharubati. Bakridi alitusimulia akiwa amesimama, maana ndani ya nyumba yake mwenyewe hakuthubutu kukaa mbele ya Apa. Mzungu alitokea mlangoni akauliza kitu. Bakridi hakuelewa hata neno moja.

"Nilitaka kumwonyesha mkono," alisema. "Mkono ulikwisha kunyanyuka. Halafu nikakumbuka ile siku ya baridi nilileta vitambaa kwa Haji, nikasikia unamwambia. Kwangu hukuja, Bibi, lakini nilisikia. Basi nikamwambia sijui. Nikatikisa kichwa, nikafungua viganja hivi, mpaka akaelewa."

"Kisha?" aliuliza Rafat Apa.

"Kisha uso wake ukaanguka, Bibi. Nikaona haya sijapata kuona. Mtu amekuja mlangoni kwangu na jua lote lile, nami nimemnyima jibu. Ningemwachaje aende zake? Nikamshika mkono nikamwingiza. Nikamwambia mke wangu atengeneze sharubati, atie sukari yote iliyopo, angalau kitu kimoja apate. Nilisema atakaa hapa mpaka aje mtu anayejua. Alikunywa tatu. Ya kwanza tulimnywesha, mikono ilikuwa haishiki."

Kisha akauliza swali ambalo ni wazi lilikuwa likimtafuna tangu adhuhuri, na alimuuliza yeye peke yake, kama kwamba mimi na Wareno hatupo.

"Bibi, nilimkosea adabu?"

Sasa kwetu salamu ina mpangilio wake. Mdogo humsalimu mkubwa, wa chini humsalimu wa juu, huinama kidogo na kuinua mkono mpaka kwenye paji la uso, na mkubwa hujibu kwa kumwombea umri. Tangu dunia iumbwe hakuna bibi wa ukoo wa Rafat Apa aliyeanza kumsalimu mpiga chapa. Mpiga chapa husalimu, bibi akitaka hujibu.

Rafat Apa hakumjibu swali lake. Alikuwa amesimama pale bila shuka, nywele za mvi zimemwangukia, ngumi zimevimba kwa kugonga milango. Alirudi hatua moja nyuma kupata nafasi. Akainama, chini, chini kuliko nilivyomwona akiinama kwa mtu yeyote, hata kwa mama mkwe wake, akainua mkono mpaka kwenye paji la uso, akabaki vile.

Machozi yalinitoka, wala sikugeuka ukutani kuyaficha. Bakridi alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa kamba ya vitambaa vyake. Alitaka kuinua mkono amjibu, akauona una rangi mbichi, akaufuta kwenye kikoi, haikutoka. Mkewe akamwambia kwa sauti ya chini kutoka nyuma ya mtandio, itikia, Bibi anangoja. Basi akauinua hivyo hivyo ulivyo, akamwombea Rafat Apa umri mrefu, na paji lake mwenyewe la uso likabaki na alama ya buluu.